Anwani milioni nne zilizochezewa daftarini: uchambuzi wa kisa cha AFRINIC

Januari 2021 AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti kwa kanda ya Afrika, alitoa ripoti ya ukaguzi wa daftari lake mwenyewe. Ripoti hiyo ilithibitisha kwa tarakimu jambo ambalo wachunguzi wa nje walikuwa wamelisema hadharani tangu 2019. Anwani 2,371,584 za IPv4, aina ya zamani ya anwani za intaneti, zilichotwa kutoka akiba ya msajili bila idhini halali. Nyingine 1,799,168, zilizogawiwa mashirika mbalimbali kabla AFRINIC hajaanzishwa, zilionekana kuwa rekodi zake zimechezewa. Ukijumlisha unapata 4,170,752. Wezi hawakuhitaji kuvunja ruta ya mtu wala kukata waya. Walibadilisha maandishi katika daftari, na hayo yalitosha kuifanya mitandao ya dunia nzima iwaamini.

Ili kuelewa kwa nini yalitosha, lazima kwanza ieleweke anwani ya IP inamilikiwaje. Pakiti ya data inaposafiri haimuulizi mtu hati. Kuna mambo mawili tu yanayomfanya mwendeshaji wa mtandao aonekane ndiye mwenye fungu fulani la anwani: jina lake limeandikwa kwenye daftari la msajili wa kanda, na mitandao jirani inakubali tangazo lake la BGP (itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana njia) linalosema fungu hilo linafikika kupitia kwake. Jambo la pili hulitegemea la kwanza. Mtoa huduma wa juu anapoombwa kupitisha fungu jipya la mteja, hufungua WHOIS, huduma ya kulisoma daftari hilo hadharani, husoma jina la shirika na barua pepe ya mawasiliano, hupokea barua ya idhini yenye nembo na sahihi, kisha hufungua vichujio vyake. Anayelishika daftari, hata kwa dakika kumi, anaweza kupata vyote vinavyofuata kwa njia inayoonekana halali kabisa.

Sasa tuangalie thamani ya kilichokuwa daftarini. IPv4 ina anwani 4,294,967,296, na hazitaongezeka. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia ilikwisha: mafungu matano ya mwisho ya /8, kila moja likiwa na anwani 16,777,216, yaligawanywa kwa wasajili watano wa kanda, na AFRINIC akapata 102/8. Amerika Kaskazini iliishiwa Septemba 2015. Ulaya na Mashariki ya Kati zikaishiwa Novemba 2019. Kwa miaka kadhaa, basi, AFRINIC ndiye msajili pekee aliyekuwa na akiba kubwa ya kugawa, wakati soko la kuuziana anwani lilikuwa limeshachangamka kwingineko. Mwaka 2019 anwani moja ilikuwa ikienda kwa karibu dola 20 za Marekani, na mwishoni mwa 2021 bei ilipita dola 50. Fungu moja la /16, yaani anwani 65,536, lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 1.3 kwa bei ya chini. Anwani zote zilizotajwa katika ripoti, kwa bei hiyo hiyo, zinapita dola milioni 83. Fedha za kiasi hicho zililindwa na nywila za daftari na uaminifu wa watu wachache waliokuwa na ruhusa ya kuandika ndani yake.

Wizi huu ulikuwa na pande mbili, na ni kosa kuzichanganya kwa sababu zilitumia milango tofauti.

Upande wa kwanza ni akiba ya msajili. Katika utaratibu wa kawaida, anayetaka anwani hujaza ombi, huonyesha mpango wa mtandao wake, maofisa hulipima ombi, mkataba wa huduma za usajili hutiwa saini, ada hulipwa, ndipo rekodi ya inetnum, yaani ile ya fungu la anwani, inaandikwa ikiwa na jina la shirika hilo. Anwani 2,371,584 ziliandikwa daftarini bila msingi huo. Ukizipima, ni sawa na mafungu 36 ya /16 na ziada ya anwani 12,288. Uchunguzi wa waandishi ulimhusisha mfanyakazi mmoja wa ngazi ya juu, ambaye kabla ya 2019 kwisha alikuwa ameshaondoka kazini, na AFRINIC alilipeleka suala hilo polisi nchini Mauritius, yaliko makao yake. Kinachomhusu mwendeshaji wa mtandao ni udhaifu wa mfumo wenyewe: inawezekanaje rekodi yenye thamani ya mamilioni iandikwe bila mkataba nyuma yake, na asitokee mtu wa pili wa kuuliza? Jibu ni kwamba daftari la anwani, daftari la wanachama na vitabu vya fedha havikuwa vikilinganishwa kwa ukali unaotakiwa. Msajili yeyote anayeweza kuandika inetnum bila namba ya mkataba na namba ya ankara kukubaliana nayo amejiachia mlango huo huo.

Upande wa pili una mafundisho mengi zaidi kwa mashirika ya kawaida. Haya ndiyo mafungu ya awali, yaliyogawiwa kabla ya wasajili wa kanda kuwepo. Hadi 1993 anwani ziligawiwa kwa madaraja: daraja C lilikuwa na anwani 256, daraja B 65,536, daraja A zaidi ya milioni 16. Kampuni yenye kompyuta 600 haikutoshewa na C moja, hivyo mara nyingi ilipewa B nzima. Hakukuwa na mkataba wala ada ya mwaka. Kisha mwaka 1994 ukaja ufundi wa NAT, unaoziwezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja ya umma, na Februari 1996 anwani za faragha kama 10.0.0.0/8 zikawekwa rasmi katika waraka wa kiufundi wa RFC 1918. Kampuni nyingi zikahamishia mitandao yao ya ndani huko na kuliacha fungu lao la asili bila kulitangaza. Wahandisi walioliomba wakastaafu. Kampuni zikaungana, zikabadili majina, nyingine zikafa.

AFRINIC alipotambuliwa rasmi na ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, Aprili 2005, rekodi za Afrika zilihamishiwa kwake kutoka kwa wasajili waliokuwa wakiihudumia kanda hii kwa vipande: RIPE NCC kwa nchi za kaskazini, ARIN kwa zile za kusini, APNIC kwa baadhi ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Rekodi zilifika zikiwa na simu, majina na barua pepe za miaka ya 1990. Fungu la namna hii ni kama kiwanja kilichokatwa hati miaka thelathini iliyopita, hakijajengwa, hakilipiwi kodi, na mwenye hati hajui tena kama anacho. Hakuna ankara inayorudi kwa kukosa mpokeaji, wala mteja anayepiga simu kulalamika kwamba mtandao umekatika. Kimya hicho ndicho mwizi anachokitafuta.

Njia za kulitwaa fungu lililolala zinajulikana, na zinatumika duniani kote, si katika kisa hiki tu. Mwizi huanza kwa kulinganisha daftari na jedwali la BGP ili kupata mafungu makubwa yaliyosajiliwa lakini hayatangazwi. Kisha huangalia kikoa cha barua pepe iliyoandikwa kwenye rekodi. Kama usajili wa kikoa hicho umekwisha, anakinunua kwa bei ya kawaida ya kikoa, anafungua sanduku lenye jina lile lile, na kuomba nywila mpya ya rekodi ya mntner, ambayo ndiyo kufuli ya daftari. Barua ya uthibitisho inamfikia yeye. Kama kikoa bado kiko hai, anaweza kufungua kampuni mpya yenye jina linalofanana na lile la zamani, katika nchi ambako usajili wa kampuni ni wa haraka, na kupeleka vyeti vyake kama ushahidi kwamba ndiye mrithi. Na kama ana mtu ndani ya ofisi ya msajili, hahitaji lolote kati ya hayo.

Kufuli ikishabadilishwa, kinachobaki ni kazi ya mchana mmoja. Mwizi anaandika rekodi ya route inayoonyesha namba ya AS (kitambulisho cha mtandao kwenye BGP) itakayotangaza fungu, anaelekeza DNS ya kinyume (inayogeuza anwani kuwa jina) kwenye seva zake, anatoa barua ya idhini kwa mtoa huduma wa juu, na tangazo linatoka. Kwa kuwa kipande kidogo kinachokubalika kwa kawaida kwenye BGP ya dunia ni /24, yaani anwani 256, fungu moja la /16 hugeuka mafungu 256 ya kukodisha, kila moja kwa mteja tofauti: kampuni za seva, watuma barua taka, wauza huduma za proksi. Mara nyingi wapangaji hawajui historia ya fungu, wanaona tu anwani safi zisizo kwenye orodha yoyote ya watu wabaya. Usafi huo unatokana na miaka ishirini ya kutotumika.

Waliolifichua jambo hili ni Ron Guilmette, mtafiti wa Marekani anayefuatilia watuma barua taka, na Jan Vermeulen, mwandishi wa gazeti la mtandaoni la MyBroadband la Afrika Kusini. Kazi yao inastahili heshima, kwa sababu haikuhitaji siri yoyote ya ndani. Kazi ya aina hii hufanywa kwa kulinganisha: rekodi ya fungu ilivyosomeka zamani na inavyosomeka sasa, kampuni iliyoandikwa na tarehe kampuni hiyo ilipoundwa, nchi iliyoandikwa na nchi ambako fungu linatangazwa. Fungu la 1995 lililo chini ya kampuni iliyozaliwa miaka kumi na tano baadaye linajieleza lenyewe. Takwimu zote hizo ziko wazi. Wasajili wa kanda huchapisha kila siku faili la takwimu lenye nchi, aina, anwani ya mwanzo, idadi ya anwani, tarehe na hali ya kila fungu. Historia ya matangazo ya BGP nayo imehifadhiwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mradi wa RouteViews wa Chuo Kikuu cha Oregon na ule wa RIS wa RIPE NCC. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mtu wa kuketi na kulinganisha.

Hasara kwa waendeshaji wadogo wa kanda hii ni rahisi kuipuuza kwa kuwa haikuonekana siku ya wizi. Ilionekana baadaye. Kwa sera za AFRINIC, awamu ya pili ya uhaba huanza pale akiba ya mwisho inaposhuka hadi kiasi cha /11, yaani anwani 2,097,152. Awamu hiyo ilianza tarehe 13 Januari 2020, na tangu hapo mwombaji hawezi kupata zaidi ya /22, anwani 1,024, kwa ombi moja. Sasa linganisha. Kilichochotwa akibani kilikuwa kikubwa kuliko kizingiti chote hicho cha /11. Kingetosha maombi 2,316 ya /22.

Mwenye /22 moja na wateja elfu thelathini hana budi kutumia CGNAT, yaani kuwabana wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hesabu yake ni hii: kila anwani ina milango 65,536 (namba zinazotenganisha muunganisho mmoja na mwingine), ukitoa ile 1,024 ya mwanzo inabaki 64,512. Ukiweka wateja 32 kwa anwani, kila mmoja anapata milango 2,016, na /22 yote inabeba wateja 32,768. Inaonekana inatosha hadi nyumba moja yenye simu sita, televisheni na kompyuta mbili ifungue miunganisho mia kadhaa kwa mpigo, na programu mbaya kwenye simu moja imalize milango yote ya nyumba. Mteja mmoja akituma barua taka, wenzake 31 wanafungiwa naye. Polisi wakija na anwani na saa bila namba ya mlango, mwendeshaji hawezi kujua ni yupi kati ya 32, na ili ajue lazima ahifadhi kumbukumbu za milango kwa kila mteja, jambo linalotaka diski na seva za ziada. Gharama hizo zinalipwa na kampuni ambazo hazikuhusika kabisa na wizi. Ndiyo sababu si haki kuliita suala hili ugomvi wa maofisa wa Mauritius tu.

Usafishaji ulikuwa mgumu kuliko ugunduzi. Katika zile za akiba, hadi ripoti inatoka anwani 1,060,864 zilikuwa zimerejeshwa na kuwekwa karantini. Zilizobaki, 1,310,720, yaani mafungu ishirini kamili ya /16, zilikuwa bado hazijarejeshwa. Karantini ina maana yake: fungu lililotumiwa kwa barua taka likigawiwa mwanachama mpya siku hiyo hiyo, barua zake zitakataliwa na seva za dunia nzima, na ramani za maeneo zitamwonyesha yuko nchi nyingine, hivyo benki na huduma za video zitamfungia. Inabidi tangazo la zamani lizimwe kabisa, rekodi za route zilizoachwa na mtumiaji wa awali zifutwe, hata zile zilizo katika madaftari ya njia ya watu wengine, kisha muda upite.

Kwa nini nyingine hazikurudishwa mara moja? Kwa sababu nyuma ya rekodi ya uongo kulikuwa na mitandao hai. Fungu limeshakodishwa, kampuni ya tatu imeweka seva zake, wateja wa kampuni hiyo wameweka tovuti zao, na wote wanadai walilipa kwa nia njema. Baadhi ya waliokuwa wakizitumia anwani hizo walikwenda mahakama kuu ya Mauritius kumzuia msajili asiziguse. Kwa mafungu ya awali tatizo lina sura nyingine: ili mabadiliko yafutwe, lazima ajulikane mwenyewe halali, na kampuni ya 1993 ambayo imeungana mara tatu inapaswa kuonyesha mnyororo wa vyeti vya kubadili jina, mikataba ya kuungana na maazimio ya bodi. Anayekosa karatasi moja katikati anabaki mdai kama wadai wengine.

Kisa hiki kisichanganywe na mgogoro wa AFRINIC na Cloud Innovation, kampuni iliyosajiliwa Seychelles, ingawa vinasimuliwa pamoja mara kwa mara. Kampuni hiyo ilipata anwani zaidi ya milioni 6 kati ya 2013 na 2016 kwa maombi na mkataba. Ubishi wao ni juu ya matumizi: AFRINIC alidai mkataba umekiukwa, kampuni ikakana na kwenda mahakamani. Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa muda, Septemba 2023 mahakama iliamuru awekwe mpokeaji rasmi, yaani msimamizi wa shirika anayeteuliwa na mahakama, na bodi mpya haikuchaguliwa hadi Septemba 2025. Kinachoviunganisha visa hivi viwili ni kwamba mlinzi wa daftari alikuwa akipigania uhai wake katika miaka ile ile aliyotakiwa kulisafisha.

Wengi huuliza kama RPKI ingeuzuia wizi huu. Kwa sehemu kubwa, hapana. RPKI humwezesha mwenye fungu kusaini tamko, ROA, linalotaja namba ya AS inayoruhusiwa kulitangaza, na mitandao inayokagua hukataa matangazo yanayopingana nalo. Inazuia utekaji wa njia, pale mtu anapotangaza fungu lako bila kugusa daftari. Lakini cheti cha RPKI hufuata daftari. Aliyefanikiwa kubadilisha rekodi anaweza pia kusaini ROA yake, na hapo tangazo la mwizi linaonekana sahihi na la mwenyewe linaonekana batili. Isitoshe, mwenye fungu la awali asiye na mkataba na msajili kwa kawaida hapati huduma hiyo. Hoja ya wengi wao kwamba kutosaini mkataba kunawapa uhuru zaidi inasikika vizuri hadi siku wanapohitaji mlinzi. Kwa maoni yetu, saini. Ada ya mwaka inaumiza kidogo, lakini inaleta ankara, na ankara ni barua inayokulazimisha kila mwaka kukumbuka una nini.

Kinga inaanza kwa kujua mali yako. Tafuta kila rekodi inayofungwa na kufuli yako kwa ulizo la kinyume:

whois -h whois.afrinic.net -- '-i mnt-by MFANO-MNT'

Badala ya MFANO-MNT weka jina la mntner ya shirika lako. Majibu yatakuja na inetnum, route na domain zote zinazolindwa na kufuli hiyo. Ukiona usichokijua, au ukikosa unachokijua, usisubiri. Halafu soma sehemu za mawasiliano. Barua pepe ya mtu binafsi iondolewe, liwekwe sanduku la idara linalosomwa na watu wawili au zaidi, kwenye kikoa ambacho kampuni inakimiliki na kimelipiwa kwa miaka mingi mbele, vikoa vya .com na .net huruhusu hadi miaka 10. Kampuni inayobadili jina na kuacha kikoa chake cha zamani kife ndiyo windo rahisi kuliko yote, kwa hiyo kikoa cha zamani kisiachwe hadi jina lake lifutike katika kila rekodi. Kwenye mntner, hashi ya MD5, njia ya zamani ya kuficha nywila, ni dhaifu kwa kompyuta za leo; tumia ufunguo wa PGP (saini ya kidijitali), au BCRYPT (hashi iliyo imara zaidi) pamoja na nywila ndefu isiyotumika pengine popote. Mfanyakazi mwenye nywila akiondoka, inabadilishwa siku hiyo hiyo.

Kwa fungu lisilotumika kuna kifaa kizuri ambacho wengi hawakitumii: ROA ya AS0. Namba 0 haitangazi chochote, hivyo tamko hilo lina maana kwamba hakuna mtandao ulioruhusiwa. Ukilisaini kwa /16 nzima, tangazo la kipande chochote ndani yake litakuwa batili kwa wanaokagua, bila kuhitaji kutaja urefu wa vipande. Kwa fungu linalotumika, saini urefu ule ule unaoutangaza. Kosa la kawaida ni kuwa na tangazo moja la /16 huku ROA ikiruhusu hadi /24 kwa ajili ya siku za usoni. Mtekaji anaweza kutangaza /24 akijifanya AS yako iko nyuma yake, ROA yako itampitisha, na kwa kuwa kipande kidogo hushinda kikubwa kwenye ruta, trafiki itamfuata yeye.

Kisha weka ulinganisho wa kila siku. Faili la takwimu la msajili huitwa delegated-afrinic-extended-latest, nalo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mistari wima. Skripti ya mistari kumi inalipakua usiku, inachuja mafungu yako, inalinganisha na la jana, na kutuma barua tofauti ikionekana. Fanya hivyo pia kwa majibu ya WHOIS ya kila fungu, maana faili la takwimu halionyeshi kubadilishwa kwa barua pepe wala kwa mntner, na hapo ndipo wizi unapoanza. Nakala zisifutwe. Siku ya ubishi, nakala ya miaka mitano mfululizo yenye tarehe ni ushahidi ambao hata msajili mwenyewe atauhitaji.

Anayenunua au kukodi ana kazi yake pia, na hapa ndipo biashara ya anwani zilizoibwa inapoweza kukatwa pumzi. Barua ya idhini peke yake haithibitishi kitu. Yeyote mwenye programu ya kuandikia anaweza kuitengeneza. Dai mambo yanayoweza kuhakikiwa kwa mtu wa tatu: muuzaji aingie kwenye akaunti yake kwa msajili na kuongeza maneno mliyokubaliana kwenye rekodi ya fungu, nawe uyasome kwa WHOIS. Soma historia ya tangazo kwenye RIPEstat, tovuti ya takwimu ya RIPE NCC. Fungu lililokaa kimya tangu miaka ya 1990 kisha likachipuka ghafla vipande vya /24 kutoka AS kadhaa zisizohusiana, liache. Tafuta tarehe kampuni ilipoundwa katika daftari la makampuni la nchi yake, na tarehe kikoa cha mawasiliano kiliposajiliwa mara ya mwisho. Kikoa chenye umri wa miezi minane chini ya fungu la miaka ishirini na tano ni dalili mbaya. Malipo yakae kwa mtu wa kati, na yatoke tu baada ya msajili kuandika jina lako, si baada ya tangazo kuonekana kwenye BGP. Muuzaji akikuambia uhamisho kwa msajili hauna haja kwa kuwa wewe utalitangaza fungu tu, anakueleza kwamba hawezi kuufanya.

Kwa watoa huduma wa juu kuna hatua moja inayokosekana sana: kabla ya kufungua kichujio kwa fungu la mteja, piga simu kwa namba ya shirika uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye WHOIS wala kwenye barua ya idhini, maana zote mbili zinaweza kuwa zimeandikwa na mkono ule ule.